Refraktomita ya asali kwa anayefungasha nyumbani Tabora: inunuliwe au iachwe?

Wengi wanaoanza kufungasha asali nyumbani hapa Tabora hununua vitu kwa mpangilio mmoja. Zinatangulia chupa, zinafuata lebo za rangi, kisha mizani, na pesa ikibaki ndipo mtu anakumbuka kifaa cha kupima maji. Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Asali yenye maji asilimia 21 ikiingia kwenye chupa nzuri itachacha rafuni: povu linapanda, kifuniko kinavimba, chupa inavuja ubavuni, na mwenye duka anarudisha katoni nzima. Mteja aliyefungua chupa ya namna hiyo hatarudi hata lebo iwe imechapwa Dar es Salaam.

Kifaa chenyewe ni refraktomita ya mkono, ile ya kuchungulia kwa jicho. Ni bomba la chuma fupi kidogo kuliko shibiri, lina kioo cha mshazari upande mmoja chenye kifuniko cha plastiki angavu, na upande wa pili kuna mahali pa kuweka jicho. Halina betri wala swichi. Mwanga unapopita kwenye asali hupinda. Asali nzito huupindisha zaidi kuliko asali nyepesi, na kupinda huko ndiko kunakosogeza mstari juu au chini kwenye skeli ya ndani.

Aina tunayoitathmini ni ile ya kawaida isiyo na jina kubwa, yenye skeli ya Brix (kipimo cha sukari ndani ya maji) 58 hadi 90 na herufi ATC, yaani kujirekebisha kwa joto, kwenye bomba. Kisandukuni huja na bisibisi ndogo, kidondoshi cha plastiki, kitambaa laini, na katika baadhi ya seti kijiwe cha kioo na kijichupa cha mafuta ya kusahihishia. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua seti yenye kijiwe. Sababu utaiona mbele.

Tahadhari ya kwanza ni kwenye kununua, maana jina "refraktomita" linauzwa likiwa na vitu vitatu au vinne ndani yake. Ipo ya Brix 0 hadi 32, ambayo ni ya juisi na matunda. Ipo ya gereji, ya kupima maji ya betri na kulanti ya rejeta. Ipo ya 0 hadi 90, inayosoma kila kitu lakini mistari yake imebanana mno kwa kazi ya asali. Kwa nje zote zinafanana, na muuzaji wa mtandaoni anaweza kutumia picha moja kwa zote. Ukiweka asali kwenye ile ya juisi, dirisha lote linakuwa na rangi moja bila mstari wowote, kwa sababu asali iko mbali sana juu ya mwisho wa skeli yake. Mwambie muuzaji akutumie picha ya skeli ya ndani, si ya kisanduku. Ya asali ina safu tatu: Brix 58–90, Be' 38–43 (Baumé, kipimo cha uzito wa majimaji), na maji 12–27 ambayo mara nyingi imeandikwa Water.

Kuna kichekesho kinachotokea kaunta. Muuzaji anataka kukuonyesha kuwa kifaa kizima, anadondosha maji ya kunywa, unachungulia, dirisha lote ni buluu. Anasema kibovu, anatafuta kingine, nacho hivyohivyo. Kifaa hakina kosa. Maji ni Brix sifuri, na skeli hii inaanzia 58. Refraktomita ya asali haisahihishwi kwa maji hata kidogo, tofauti na ile ya juisi.

Kosa la kusoma linaloongoza ni hili: mtu anasoma safu ya Brix, anaona 80, anatoa kwenye 100, anapata maji asilimia 20. Hesabu inaonekana safi, na ni kosa. Brix imetengenezwa kwa sukari ya kawaida ndani ya maji, wakati asali ni mchanganyiko wa sukari nyingine, hasa fruktosi na glukosi. Asali inayosoma Brix 80 ina maji kama asilimia 18.3. Tofauti ya karibu pointi mbili inatosha kukufanya ukatae dumu zuri la mzee wa watu. Kwa kazi ya kununua na kufungasha, soma safu ya maji peke yake. Be' isahau kabisa.

Sasa joto. Herufi ATC zina maana kwamba ndani mna kipande cha chuma kinachojisogeza kufuata joto ili kurekebisha usomaji, kwa kuwa skeli imepangwa kwa nyuzi 20. Kwenye vifaa vingi vya bei nafuu marekebisho hayo yanafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30 tu. Asubuhi ya Juni au Julai Tabora hapana shida. Mchana wa Septemba na Oktoba, kifaa kikiwa kimeachwa kwenye dashibodi ya bajaji au juani pembeni ya dumu, kimevuka 30 na hakuna wa kukisaidia. Asali ya moto hupindisha mwanga kidogo, kwa hiyo kifaa kinaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Kwa kifaa kisicho na ATC, punguza takriban pointi 0.09 kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20: kikisoma 20 kwenye nyuzi 30, ukweli uko karibu na 19.1. Usitoe marekebisho hayo kwenye kifaa chenye ATC, utakuwa umerekebisha mara mbili.

Joto linalohesabika hapa ni la kifaa zaidi kuliko la dumu. Matone mawili ya asali ni machache mno, hupoa au kupata moto kufuata kioo ndani ya nusu dakika. Kiweke kifaa kivulini robo saa kabla ya kupima, na ukishafunga kifuniko subiri sekunde 30 hadi dakika moja ndipo uchungulie. Anayesoma papo hapo atapata namba moja, akirudia baada ya dakika atapata nyingine, kisha atakitukana kifaa bure.

Kusahihisha ni jambo ambalo kijikaratasi cha kisandukuni kinalieleza vibaya kuliko yote. Ukiwa na kijiwe, dondosha tone dogo la yale mafuta yake kwenye kioo, laza kijiwe juu yake upande laini unaong'aa ukigusa mafuta, bonyeza taratibu mpaka pasiwe na kipovu cha hewa, elekeza kwenye mwanga, kisha zungusha skrubu ya juu kwa bisibisi mpaka mstari ukae kwenye namba iliyoandikwa kwenye kijiwe au karatasi yake. Fanya hivyo asubuhi, chumba kikiwa karibu na nyuzi 20, kwa sababu mafuta hubadilika na joto kuliko asali, na ATC haikutengenezwa kwa ajili yake.

Usipokuwa na kijiwe, mafuta ya zeituni halisi yanaweza kukuokoa. Kwenye nyuzi 20 husoma Brix 71 hadi 72, yaani karibu na 27 kwenye safu ya maji, chini kabisa ya skeli. Ni kipimo cha kukagua, si cha kutafuta nusu pointi, lakini kinatosha kukuambia kama kifaa kimepotea kwa pointi tatu nne. Usitumie alizeti eti kwa kuwa ndiyo iliyopo jikoni. Mafuta ya alizeti hupindisha mwanga zaidi ya zeituni, na ukisahihishia hayo kwa namba ya zeituni, kila dumu utakalopima baadaye litaonekana na maji mengi kuliko yaliyomo. Na mafuta ya zeituni yaliyochanganywa, ambayo sokoni si haba, yatakupoteza vilevile.

Sahihisha kikifika, maana kifurushi kilichotoka Dar kwenye buti la basi kimerushwa na kukaliwa, na skrubu ile haijakazwa kwa nguvu. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha, na kila kinapoanguka.

Upimaji wenyewe ni kazi ya dakika mbili, ila sampuli ndiyo inayoharibu kazi. Asali iliyotulia dumuni haina maji sawa juu na chini. Sehemu nyepesi hupanda, na povu la juu ndilo linalovuta unyevu wa hewa kila dumu linapofunguliwa. Ukipima tone la juu tu utalionea dumu, ukipima la chini tu litakuonea wewe. Koroga kwa mwiko mrefu mkavu, ukavu ukisisitizwa, kisha chukua kutoka katikati. Kama mwenye mali hataki dumu lake likorogwe, mwombe kwa adabu: "Mzee, naomba matone mawili ya juu na mawili ya chini." Pima yote mawili. Yakipishana kwa zaidi ya pointi moja, hilo dumu limechanganywa kutoka mavuno tofauti au limekaa wazi, na bei ijadiliwe kwa namba ya juu.

Dondosha matone mawili au matatu yaenee kioo kizima, funga kifuniko polepole kutoka upande mmoja ili hewa itoke. Elekeza kwenye mwanga wa dirisha au anga, usielekeze jua lenyewe. Zungusha sehemu ya jicho mpaka namba zikae vizuri. Mpaka kati ya buluu na nyeupe ndiyo namba yako. Mpaka ukiwa na ukungu badala ya mstari, kuna chembe za nta, vipovu, au asali imeanza kuganda. Chuja kijiko kimoja kwenye kitambaa safi, rudia.

Namba imetoka. Inasema nini? Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20, na wengi huishia hapo: 20 ni ruksa, 21 ni marufuku. Kwa mfungashaji huo ni mtego, kwa sababu mbili. Kwanza, safu ya maji kwenye kifaa hiki ina mstari kwa kila asilimia moja, na usahihi wake ni kujumlisha au kutoa asilimia moja. Kinachosoma 20 kinaweza kuwa 21. Pili, uchachaji hausubiri 20. Ndani ya asali zimo hamira za asili zinazovumilia sukari, na kinachozizuia ni ukavu tu. Chini ya asilimia 17.1 asali haichachi hata hamira ziwe nyingi. Kati ya 17.1 na 18 iko salama kama hamira hazizidi 1,000 kwa gramu. Kati ya 18.1 na 19 zisizidi 10 kwa gramu. Kati ya 19.1 na 20 isizidi moja. Asali iliyokamuliwa kwa mkono kutoka mzinga wa gome, ikachanganyika na chavua na vipande vya sega, haiwezi kuwa na hamira moja kwa gramu. Kwa hiyo ukomo wetu wa kununua kwa ajili ya chupa ni 18 kwenye skeli. Ya 19 inunuliwe kwa bei ya chini na kwa mpango maalumu. Inayosoma 20 na kuendelea iachiwe wapika pombe, nao wataifurahia.

Msimu nao una neno. Mvua za Tabora huanza karibu Novemba na kwisha karibu Aprili, na asali huvuta unyevu wa hewa kwa uroho. Asali ya asilimia 17 na kitu hutulia ilipo hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 58. Hewa ikizidi hapo asali inakunywa maji, ikipungua inayatoa. Ndiyo maana dumu lililosoma 17.5 Agosti, likiachwa na kifuniko kilegevu stoo mpaka Januari, litasoma vingine. Kifaa hiki kitumike mara mbili: siku ya kununua, na siku ya kujaza chupa.

Hapo ndipo sifa zake zinapoishia, na yapo mambo ambayo refraktomita haiyaoni kabisa.

La kwanza ni udanganyifu. Sharubati ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito itasoma 17 bila aibu. Kifaa kinapima uzito wa utamu, hakijui utamu umetoka wapi. Wanunuzi wapya wakishaona mstari umekaa pazuri huacha kuonja, huacha kunusa, huacha kuuliza imetoka Sikonge au Urambo na imerinwa lini. Hilo ni kosa kubwa kuliko kutokuwa na kifaa. Njiti ya kiberiti, tone kwenye glasi ya maji, tone kwenye mchanga, vyote hivyo navyo vinaangalia uzito na maji, havikamati sukari. Anayetaka uhakika wa sukari anahitaji maabara, na anayetaka nafuu anahitaji mrina anayemjua na kurudi kwake kila mwaka.

La pili ni asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hiyo kwa asili ina maji mengi, mara nyingi juu ya 25, na mstari unaweza kutoka nje ya skeli. Si dalili ya kutiwa maji. Usiitumie skeli hii kuikubali wala kuikataa. Ifungashe kwenye chupa ndogo na ihifadhiwe kwenye friji, na kamwe isichanganywe na ya nyuki wakubwa ili kuongeza ujazo.

La tatu ni asali iliyoganda. Glukosi inapoganda huacha maji mengi kwenye sehemu iliyobaki majimaji, na ukidokoa majimaji hayo kifaa kitakuonyesha maji zaidi ya yaliyomo katika dumu zima. Chukua kikombe kidogo cha mchanganyiko, tia kwenye kichupa chenye kifuniko cha kubana, kiweke kwenye maji ya nyuzi 40 mpaka kila chembe iyeyuke, acha ipoe ikiwa imefungwa, ndipo upime. Usiyeyushe sampuli kwenye kijiko juu ya jiko. Maji yatapaa na utapata namba ya kujifurahisha. Na kwa kuwa kuganda huacha maji mengi kwenye majimaji, chupa iliyoganda nusu huchacha kuanzia kwenye majimaji ya juu hata kama dumu lilisoma 18.5.

Kwa asali ya 19 hadi 20 uliyokwisha kuinunua, kuna njia mbili za nyumbani zenye maana. Moja ni kuchanganya. Hesabu yake ni ya uzito: kilo 20 za asilimia 20 na kilo 40 za asilimia 17 zinakupa kilo 60 za asilimia 18. Koroga polepole, acha siku mbili, pima tena juu na chini. Sharti moja tu: ile yenye maji isiwe imeanza kunuka uchachu wala kutoa povu, vinginevyo umeambukiza kilo 40 safi. Njia ya pili ni kuikausha wakati wa kiangazi kwenye sinia pana la chuma cha pua, kina kisichozidi vidole viwili, chumba kikavu kisicho na vumbi, juu kitambaa chepesi, ukikoroga asubuhi na jioni. Inakwenda taratibu na inafanya kazi hewa ikiwa kavu tu. Ukifanya hivyo Februari unaongeza maji badala ya kuyapunguza. Kuchemsha si njia. Asali inakuwa nyeusi, harufu ya maua inaondoka, na ubora unaopimwa maabara unashuka. Ukihitaji joto la kuilainisha ichujike, ndoo ikae ndani ya sufuria la maji yasiyozidi nyuzi 40 hadi 45, kitambaa kikiwa chini, na jiko la mkaa lisiguse ndoo.

Je, mizani haiwezi kufanya kazi hii? Swali hili huulizwa sana kwa sababu mizani kila mtu anayo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo lita 20 ni kilo 28 hivi. Tofauti kati ya asali ya 17 na ya 21 kwenye lita 20 ni nusu kilo tu. Dumu la lita 20 lililojazwa mpaka shingoni huzidi ujazo wake kwa kiasi kikubwa kuliko hicho, kwa hiyo mizani haioni kitu. Ila itumie kwa biashara yenyewe: nunua kwa kilo, uza kwa gramu, na uachane na lita. Chupa iliyoandikwa mililita 500 hubeba karibu gramu 700 za asali. Anayeinunua kwa lita na kuiuza kwa chupa bila kupima hupoteza faida asijue ilipokwendea. Kutoka dumu la kilo 28, toa povu, nta na kinachoganda kwenye ndoo na chujio, panga chupa 53 hadi 54 za gramu 500, si 56.

Kwa upande wa pesa, bei za kifaa hiki zinapanda na kushuka kwa muuzaji, kwa hiyo kigezo chetu ni dumu. Kikizidi bei ya lita 20 za asali safi kwa mrina, umepigwa, tafuta kwingine. Hesabu ya kurudisha pesa haina mlolongo. Dumu la kilo 28 lenye maji ya ziada ya pointi nne lina zaidi ya kilo moja ya maji uliyoyalipia kwa bei ya asali, na hapo hujahesabu chupa zitakazorudi. Ukikataa dumu moja bovu kwa sababu ya namba, kifaa kimeshajilipa.

Uimara wake ni wa wastani, na kinachokiua ni usafi wenye haraka. Asali ikikauka kwenye kioo, kijana anakikwangua kwa kisu au anakisugua kwa steelwire. Mchoro mmoja katikati ya kioo na mstari unakuwa na ukungu milele. Wengine wanakiweka chini ya bomba, maji yanaingia ndani kupitia maungio, na kesho yake dirisha lina mvuke usiotoka. Futa mara baada ya kila kipimo kwa kitambaa laini kilicholowa maji vuguvugu kidogo, kisha kikavu. Gundi ya nyuki ikinata, lowesha kwa tone la mafuta ya kula, subiri, futa, halafu futa mafuta yenyewe mpaka yaishe, la sivyo kipimo kinachofuata kitasoma mafuta. Kifuniko cha plastiki ndicho cha kwanza kuchoka. Bawaba yake inalegea na hewa inaanza kubaki chini. Kikifika hapo bado kinatumika kwa kukibana na kidole, lakini kidole kina joto, kwa hiyo bana kwa ukucha.

Kwa taratibu za kisheria, kifaa hiki ni cha kukulinda wewe, hakichukui nafasi ya maabara. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) yapo TBS (shirika la viwango), na nembo ya ubora hutoka baada ya sampuli kupimwa na wao. SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoa wanaweza kukuandikia barua na kukuelekeza, na hapa Tabora kuna bahati ya kuwa na chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki. Ulizia hapo au kwa afisa nyuki wa halmashauri kama unaweza kulinganisha usomaji wako na wao, kichupa kilekile cha asali, siku ileile. Kulinganisha mara moja kutakuambia kifaa chako kinapotoka kwa kiasi gani kuliko kukisahihisha mara kumi.

Kwenye daftari, kila dumu lipewe namba, na mbele yake tarehe ya kununua, kijiji, usomaji wa juu, usomaji wa chini, joto la chumba, na usomaji wa siku ya kujaza. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye lebo ya chupa pamoja na uzito halisi, jina na anuani ya mfungashaji, na onyo kwamba asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Chupa ikirudi imevimba, unafungua ukurasa na kujua ilitoka kwa nani na ilikuwa na maji kiasi gani.

Alama yetu ni nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa skeli ya asilimia nzima nzima na kwa maelezo mabovu ya kisandukuni. Anayefungasha madumu mawili matatu kwa mwezi hana haja ya kingine. Ya kidijitali, inayotoa namba kwa desimali na kujisahihisha joto yenyewe, ni bora wazi, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hii, inataka betri, na baadhi yake zinasoma Brix tu bila safu ya maji. Ifikiriwe pale mnunuzi wa jumla anapoanza kukuandikia kwenye oda kwamba anataka 18.5 na siyo 19. Na kama unauza tu asali iliyokwisha kufungashwa na mwingine, usinunue yoyote kati ya hizi. Muombe aliyefungasha akuonyeshe daftari lake.